Nisome Saikolojia, Mazingira au Uchumi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Baraza la Mitihani likishatangaza matokeo ya kidato cha sita, simu yangu haipoi. Wajomba, mashangazi, majirani wa zamani, watoto wa watu niliosali nao, wote wana swali lile lile: huyu mtoto akasome nini? Siuzi nafasi za chuo wala si mshauri wa serikali. Shahada ya kwanza nilisoma uchumi, ya pili mazingira, halafu nikaoa mwalimu wa saikolojia, kwa hiyo mabishano ya kozi hizi nayala pamoja na ugali. Haya ni maswali yanayorudi kila mwaka. Mengi yanahusu Tanzania Bara. Wa Kenya, Uganda na mlioko ughaibuni mna fungu lenu huko chini.

Saikolojia, mazingira, uendelevu, uchumi. Mbona umezitia kapu moja?

Kwa sababu ya mkaa. Mtazame mama ntilie wa Manzese alfajiri, jiko lake limeshika, kisado cha mkaa kiko pembeni. Mwanauchumi akifika pale ataulizia bei. Atagundua kwamba mara nyingi kinachoishinda gesi ni bei ya leo, wala si ya mwezi mzima: kopo la mkaa linanunulika kwa alichouza jana, ilhali mtungi unadai hela nyingi kwa mkupuo. Mwanasaikolojia atakaa pale jikoni muda mrefu zaidi. Ataambiwa maharage ya gesi hayana ladha, mtungi utalipuka, mteja akiuona moshi ndipo anaamini chakula ni cha moto. Huo si ujinga. Ni mazoea, hofu, na hesabu za kichwani ambazo kila mmoja wetu anazo, na zote zina utafiti wake.

Mwanasayansi wa mazingira hatakaa Manzese sana. Atapanda basi kwenda kwenye misitu ya miombo, apime kilichokatwa na kinachochipua, aone tanuri la udongo linavyopoteza sehemu kubwa ya nishati ya mti kabla gunia halijafungwa, kisha arudi mjini kupima chembe za moshi zinazoingia kwenye mapafu ya yule mama. Na aliyesomea uendelevu atauliza maswali yanayowaudhi wote watatu: msitu ni wa nani? Ushuru wa mkaa unaingia mfuko gani? Miaka ishirini ijayo kutakuwa na nini pale?

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Kati ya fani hizi nne hakuna inayoweza kutufikisha huko peke yake. Ndiyo maana kijana akiniuliza ipi bora, nami humsimulia habari hii ya mkaa, kisha namuuliza: ni wapi ulitamani niendelee kidogo? Wengi huwa wamekwisha kujijibu.

Jina la shahada linatosha kuniongoza?

Halitoshi, na hapa ndipo watu wanapoumia. Jina ni bango la duka, bidhaa ziko ndani. Tafuta prospektasi ya chuo, fungua ukurasa wa ile shahada, soma orodha ya kozi za mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Shahada ya miaka mitatu kwetu ina krediti zisizopungua 360, na kila krediti ni kama saa 10 za kazi, ukijumlisha darasani na kujisomea. Chukua kalamu uhesabu: krediti ngapi ni za takwimu? Ngapi za maabara? Ngapi za ualimu?

Mifano. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya saikolojia iliyo chini ya Shule Kuu ya Elimu, kwa hiyo utakutana na mambo ya ujifunzaji, mitaala na upimaji kuliko ulivyotarajia kama akili yako ilikuwa hospitalini. Chuo Kikuu Ardhi kina Uhandisi wa Mazingira na pia Sayansi na Usimamizi wa Mazingira. Majina ni ndugu, maisha ni mawili. Mhandisi atasanifu mfumo wa majitaka na mtambo wa kusafisha maji, atakula fizikia na hesabu nzito. Yule mwingine atasoma ikolojia, kemia, sera na namna ya kutathmini mradi. Chuo Kikuu cha Sokoine, kule Morogoro, Sayansi na Usimamizi wa Mazingira inafundishwa ndani ya chuo cha kilimo na misitu, na harufu ya udongo inasikika kila kozi.

Kwenye uchumi ni hivyo hivyo. Kuna uchumi mtupu, uchumi na takwimu, uchumi wa kilimo na biashara ya kilimo, uchumi wa mazingira, mipango ya maendeleo. Mwajiri atakayekuja kusoma cheti chako baada ya miaka minne ataangalia pia ile karatasi ya matokeo inayoorodhesha kozi moja moja. Wewe iangalie kabla yake.

Uchumi unataka hesabu kiasi gani? Mimi nilikimbia hesabu kidato cha nne.

Zaidi ya unavyofikiri, na mapema kuliko unavyofikiri. Nitakusimulia yangu ili usiyarudie.

Nilitoka HGE, yaani Historia, Jiografia na Uchumi. Nilijua uchumi kwa maelezo: sababu tano za mfumuko wa bei, faida na hasara za soko huria, nikimwaga karatasi nne bila kupumua. Muhula wa kwanza chuoni mhadhiri akaingia, hakusema hata salamu ndefu, akachora mkunjo ubaoni na kuanza kutafuta mteremko wake kwa kalkulasi. Kabla sijakaa sawa tumefika kwenye matrisi. Ile Basic Applied Mathematics niliyoichukulia kama somo la kupitisha muda ndiyo ilikuwa kiingilio. Nilipata sapu mbili, yaani mitihani ya marudio, mwaka ule. Nilizifaulu, lakini likizo yangu nzima iliishia hosteli nikila chipsi kavu na vitabu vya kuazima.

Mwaka wa pili ikaja ekonometriki, ambayo kwa lugha nyepesi ni kutumia takwimu kupima kama jambo fulani kweli linasababisha jingine au yameongozana tu. Kwangu hapo ndipo uchumi ulipoanza kuwa mtamu. Hesabu yenyewe si ya kichawi. Inamwadhibu anayeikimbia, basi. Kama una miezi miwili au mitatu kabla chuo hakijafunguliwa, rudia aljebra, logariti, na mwanzo wa kalkulasi. Usisome kitabu cha nadharia ya uchumi hata kimoja, hicho utafundishwa.

Nimesoma HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) au HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza). Nimefungiwa mlango?

Kwenye uchumi, vyuo vingi vitakudai ufaulu wa hesabu, angalau wa kidato cha nne, na vingine vitataka Economics au Mathematics iwemo kwenye tahasusi. Kwenye saikolojia mlango uko wazi zaidi. Sayansi ya mazingira kwa kawaida inataka masomo ya sayansi au jiografia. Soma sharti la chuo husika neno kwa neno, maana "moja kati ya" na "mojawapo ikiwa" si kitu kimoja.

Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwa waliomaliza kidato cha sita mwaka 2016 na kuendelea ni ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Yaani D mbili zinatosha, na hata C na E zinatosha. Zinatosha kuomba, sikusema kupata. Kozi yenye foleni ndefu itachukua wenye pointi nyingi kwanza.

Na aliyetoka CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) au PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia)?

Ana bahati. Mazingira yanamngoja kwa mikono miwili, na CBG hasa ina kemia na jiografia kwa pamoja, mchanganyiko unaofaa sana. Wengi wa PCB hukimbilia udaktari. Wakikosa, wanaingia mazingira wakiwa wamenuna mpaka mwaka wa pili. Ukija, njoo umefurahi. Mwenzako ananong'ona jina la mmea kwa Kilatini wewe bado unalilia stetoskopu.

Saikolojia si ya kutibu vichaa?

Kwanza neno hilo tuliache nje. Pili, hapana.

Saikolojia ni sayansi ya akili na mwenendo wa binadamu, mzima na mgonjwa. Wenyewe huhesabu kuanzia mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake Leipzig, Ujerumani, na jambo la kuzingatia hapo ni hilo neno maabara. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetarajia kufundishwa kusoma mawazo ya watu hupigwa na butwaa akikabidhiwa takwimu: wastani, mtawanyiko, sampuli, jaribio lenye kundi la kulinganisha. Atasoma kumbukumbu inavyoumbika na inavyotudanganya, mtoto anavyokua, kwa nini mtu mpole akiwa kwenye kundi hufanya asichothubutu akiwa peke yake. Magonjwa ya akili yamo, lakini ni sehemu tu.

Anayetibu kwa dawa ni daktari wa magonjwa ya akili: amesoma udaktari wa binadamu kwanza, kisha akabobea. Mwanasaikolojia tiba hutumia mazungumzo na mbinu za kubadili fikra na tabia, na ngazi hiyo hufikiwa baada ya shahada ya kwanza. Chuo Kikuu cha afya cha Muhimbili kuna shahada ya uzamili ya saikolojia tiba. Kati ya hao wawili na wewe uliye na shahada ya kwanza kuna umbali, na ni wajibu wako kuukiri mbele ya mtu anayekuletea shida yake.

Mke wangu huwapa wanafunzi wake mfano wa Zimbabwe. Huko Harare, kuanzia mwaka 2006, Dk. Dixon Chibanda aliwafunza mabibi wa mtaani kuwasikiliza watu wenye msongo na sonona, wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Hawakuanza na maneno ya kitabuni. Walianza na neno la Kishona, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Mswahili analielewa neno hilo papo hapo, maana naye akizidiwa hasemi ana sonona. Anasema "nina mawazo". Mradi ule ulipimwa kwa jaribio la kisayansi, matokeo yakachapishwa 2016, na waliokaa na mabibi walipata nafuu kuwazidi waliopata huduma ya kawaida. Wanafunzi wakiusikia mfano huo huacha kuuliza kama saikolojia ni mambo ya Wazungu.

Kwa hiyo nikimaliza shahada ya kwanza siwezi kufungua ofisi ya ushauri?

Ofisi ya kutibu, usifungue. Kufanya kazi chini ya mtaalamu, ndiyo: shuleni, kwenye asasi za watoto na vijana, nyumba za upataji nafuu kwa waraibu wa dawa za kulevya, idara za rasilimali watu. Mtu mwenye wafuasi laki mbili mtandaoni anayejiita mwanasaikolojia huku anauza kozi ya "kumrudisha mpenzi ndani ya siku saba" asikufanye udhani hiyo ndiyo kazi.

Uendelevu ni kozi kweli, au ni msamiati wa wafadhili?

Swali zuri, na jibu ni vyote viwili. Neno limechoka. Kila andiko la mradi linalo, hata la kununua magari. Lakini lina mzizi. Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norwei ilieleza maendeleo endelevu kuwa ni yale yanayokidhi mahitaji ya watu wa leo bila kuwanyima wa kesho uwezo wa kukidhi ya kwao. Mwaka 2015 yakaja malengo 17 mnayoyaona yamebandikwa kwa rangi kwenye kuta za ofisi.

Kwetu, uendelevu kama shahada inayojitegemea hupatikana zaidi ngazi ya uzamili; Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kina uzamili wa mabadiliko ya tabianchi na maendeleo endelevu. Shahada ya kwanza utaukuta umo ndani ya mazingira, mipango, uchumi wa rasilimali. Ushauri wangu: anza na fani yenye mifupa, uendelevu uje baadaye kama nyama. Aliyeanza na neno lenyewe bila takwimu, bila sayansi, bila sheria, huishia kuandaa warsha.

Lakini usidhani ni kitu cha kuletewa. Shinyanga ilifyekwa miti miaka mingi, kwanza kufukuza mbung'o, kisha kupisha pamba, na kuni zikamalizia, mpaka Mwalimu Nyerere akauita mkoa ule jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni kulikuwa na bidii ya kugawa miche ya miti ya kigeni. Kilichofanya kazi zaidi ni ngitili, desturi ya zamani ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho wakati wa masika lisiguswe, ili ng'ombe wapate kitu kiangazi kikikaza. Kaya na vijiji vikatenga, vikaweka sheria zao, sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakalinda. Visiki na mizizi iliyokuwa hai ardhini ikachipua yenyewe. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi, na mwaka 2002 mradi ukapata tuzo ya kimataifa ya Ikweta.

Sasa sikia upande wa pili. Mwaka 2009 Elinor Ostrom alikuwa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi, kwa kazi ya kuonyesha kwamba watu wanaotumia rasilimali pamoja wanaweza kuitunza wenyewe, kwa sheria walizojitungia na kuzisimamia, pasipo lazima ya kuuza kila kitu au kukabidhi serikali kila kitu. Mzee wa Kisukuma angeitikia kwa kichwa tu. Ukielewa kwa nini ngitili ilifanya kazi, umekwisha kugusa ikolojia, uchumi, saikolojia ya kuaminiana na sheria ya ardhi kwa mpigo.

Mazingira si kuokota taka na kupanda miti siku ya maadhimisho?

Mama yangu mdogo aliniuliza hivyo hivyo, tena mbele ya wageni.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haijaanza: bwawa, mgodi, kiwanda, barabara, hoteli ufukweni. Tathmini inafanywa na wataalamu waliosajiliwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), na ripoti yake inapitiwa kabla cheti hakijatoka. Hapo kuna kazi ya kupima maji na kelele, kuchora ramani kwa GIS (mfumo wa kompyuta wa taarifa za kijiografia), kuhesabu viumbe, kuketi na wanakijiji chini ya mwembe na kuandika wanachokiogopa. Halmashauri zina maofisa mazingira. Migodi na viwanda vina vitengo vyake. Hata katazo la mifuko ya plastiki la tarehe 1 Juni 2019 lilihitaji watu wa kukagua, kupima na kuandika kanuni.

Na sasa kuna biashara ya kaboni, ambayo wanafunzi wanaiulizia sana. Gazi, kaunti ya Kwale, Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja unauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko tangu 2013 au karibu na hapo, na fedha huingia kwenye maji na shule za kijiji. Sokoine wana Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni. Ni eneo lenye kazi, na pia lenye matapeli wenye mikataba ya miaka arobaini, ndiyo maana linahitaji watu waliosoma.

Niambie ukweli: ipi ina ajira?

Ukweli ni kwamba hakuna yenye ajira ya kusubiriwa mlangoni. Uchumi una milango mingi zaidi (mabenki, halmashauri ambako cheo chako kitakuwa mchumi, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mamlaka ya mapato, asasi) na una waombaji wengi zaidi kwa kila mlango. Mazingira yana milango michache, lakini anayeshika GIS na anayejua kuandika ripoti ya tathmini hapati tabu kama mwenzake. Saikolojia ndiyo ngumu zaidi kwa nafasi za serikali zenye jina hilo hilo. Soma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira ya miezi sita iliyopita uone yanaitaka shahada gani kwa cheo gani. Kazi hiyo ni ya jioni moja, na sijui kwa nini hakuna anayeifanya kabla ya kujaza fomu.

Nitaongeza hili bila kuombwa. Kwenye fani zote nne, niliowaona wakipata kazi mapema walikuwa na ujuzi mmoja unaoshikika: kuchakata data kwa programu za takwimu kama R au Stata, GIS, kufanya mahojiano ya utafiti vizuri, au kuandika Kiingereza kilichonyooka. Fieldi ya likizo, yale mafunzo ya vitendo kazini, ndiyo pa kuupatia. Usiende fieldi kwa mjomba ili ukasainiwe logibuku.

Mkopo je?

Bodi ya Mikopo huangalia uhitaji wako, na pia ina makundi ya vipaumbele vya kozi, ambayo kwa kawaida huwa upande wa sayansi, afya na ualimu wa sayansi. Mwongozo wake hutoka kila mwaka. Usitumie wa kaka yako. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa vizazi na vifo, mapema, na kama mzazi amefariki cheti cha kifo pia. Watu hukosa bumu kwa karatasi moja. Hela ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23. Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo neno mkopo lichukulie kama lilivyoandikwa.

Ada ya vyuo vya umma kwa kozi hizi kwa kawaida huzunguka milioni 1 hadi 1.5 kwa mwaka. Vya binafsi uliza mwenyewe, na uliza pia "michango mingine".

Nina diploma. Naingiaje?

Kwa GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, katika diploma inayoendana na unachoomba. Diploma ya maendeleo ya jamii kwenda saikolojia, mara nyingi inakubalika. Ya uhasibu kwenda sayansi ya mazingira, usijichoshe. Chuo Kikuu Huria kina kozi ya msingi kwa ambao sifa zao hazijafika.

Naweza kuchanganya saikolojia na uchumi?

Unaweza, na ni mchanganyiko ninaoupenda kuliko yote. Daniel Kahneman alikuwa mwanasaikolojia, akapewa Nobel ya uchumi mwaka 2002. Richard Thaler akaipata 2017 kwa uchumi wa tabia. Na karibu na nyumbani: Michael Kremer, mmoja wa waliopewa mwaka 2019, sehemu ya kazi iliyomjenga ilifanyika Busia, Kenya, kwenye shule za msingi, wakipima kama dawa za minyoo zinawafanya watoto wahudhurie shule.

Vyuo vyetu havina shahada nyingi zenye majina mawili ya namna hiyo, hivyo mchanganyiko huutengeneza mwenyewe kupitia kozi za hiari na tasnifu ya mwaka wa mwisho. Mwanafunzi wa uchumi aliyeandika tasnifu kuhusu kwa nini wanachama wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) hulipa mkopo wa kikundi kabla ya ule wa benki amekwisha kuingia saikolojia, hata kama hakumwambia mtu.

Niko Kenya, Uganda, au nje kabisa.

Kenya utapita KUCCPS, chombo kinachopanga wanafunzi vyuoni, na utahitaji wastani wa C+ kwa shahada. Saikolojia huko imekomaa zaidi kisheria: kuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014. Kwa mazingira, Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi yenye jina la Wangari Maathai. Uganda, Makerere wana shule kamili ya saikolojia, ikiwemo shahada ya saikolojia ya kazini na ya jamii, na Watanzania kadhaa huvuka mpaka kwa ajili hiyo.

Mliosomea Muscat, Lubumbashi au Minneapolis mkitaka kurudi kusoma Tanzania, vyeti vya sekondari vipelekeni Baraza la Mitihani vifanyiwe ulinganisho. Vya chuo vinatambuliwa na TCU. Anzeni mapema, foleni hiyo haina huruma. Anayetoka Tanzania kwenda nje aulize TCU kama chuo kile kinatambulika kabla hajatuma hata dola moja.

Masomo yote ni kwa Kiingereza?

Ndiyo, isipokuwa Kiswahili chenyewe na lugha nyingine. Kwenye saikolojia hili linauma zaidi, kwa sababu utasoma hisia kwa Kiingereza halafu umkute mteja wa Tandahimba. Anza daftari lako la tafsiri mwaka wa kwanza. Mke wangu analo la miaka kumi na moja, silali usingizi nikiligusa.

Kozi za bure za mtandaoni zinasaidia?

Kujaribu maji, sana. MIT na Yale wameweka mihadhara yao mizima bila malipo, ya uchumi na ya saikolojia. Sikiliza mihadhara mitatu ya kila fani. Ile uliyosahau kuangalia saa ndiyo yako. Cheti chake hakitakuingiza chuo.

Baba anataka sheria, mimi nataka mazingira.

Mwambie kuna sheria ya mazingira. Simtanii: ni tawi halisi, lina wanasheria wachache, na mzee atapata neno la kuwaambia wenzake msikitini. Usibishane naye usiku wala akiwa na njaa. Mpeleke kijana mmoja anayefanya kazi hiyo, anywe naye chai. Wazazi wengi huwa hawajawahi kumwona mtu anayeitwa hivyo, na mtu huogopa asichokiona.

Nimebakiza siku mbili dirisha lifungwe na bado sijaamua.

Omba kupitia mfumo wa chuo chenyewe, kila chuo na wake. Weka kozi ya moyo wako juu, chini yake weka ndugu yake: chini ya uchumi weka uchumi wa kilimo, chini ya sayansi ya mazingira weka mipango na usimamizi wa mazingira, Chuo cha Mipango Dodoma wanayo. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja utatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha, na usipothibitisha ndani ya muda nafasi inaondoka. Kwa hiyo namba ya simu unayojaza iwe yako, laini iliyo hewani, si ya rafiki mwenye simu nzuri. Halafu lala.